Kuku wa Shukrani

Siku jina la Zuwena lilipofutwa daftarini, shangazi yake, Bi Mwanamkasi, alimpelekea nesi kuku. Tena si jogoo mzee wa kutafunwa mpaka taya ziume. Alikuwa mtetea wa madoadoa, ndio kwanza anaanza kutaga, ambaye Bi Mwanamkasi alikwisha kataa kumuuza hata kwa wachuuzi wa Horohoro wenye shilingi za Kenya. Alimfunga miguu kwa ukindu, akampakata njia nzima, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Pokea, mwanangu, umetuhangaikia." Hilo ndilo lililokuja kumla moyo kuliko yote: kwamba alidhulumiwa, halafu akashukuru.

Asubuhi ya siku hiyo Zuwena alikuwa ameanguka jikoni. Alikuwa binti wa miaka kumi na sita, na kwa miezi minane mfululizo hakuwa ameanguka hata mara moja, kwa sababu ya vidonge vidogo vyeupe vya kituo cha afya, kimoja kila akienda kulala. Kisha vidonge vikaanza kusuasua. "Havijaja, mpe nusu." Mwezi uliofuata: "Hiyo nusu mpe leo, kesho acha." Bi Mwanamkasi alifanya kama alivyoambiwa, akikata vidonge kwa kisu cha kumenyea mihogo na kuokota hata chengachenga kwa ncha ya kidole. Siku ya kuacha ndiyo siku kifafa kilipomwangusha binti kwenye mafiga.

Kituoni, mzee Idarusi, mhudumu wa kufunga vidonda, alimsafisha mkono wa kulia kutoka kiganjani hadi kiwikoni, bila haraka na bila kuziba pua. Nesi Praxeda hakuinuka mezani.

"Ameungua?"

"Ameungua, sista," Bi Mwanamkasi alijibu. "Mkono tu, alhamdulillahi."

Praxeda akavuta daftari la kifafa, akalitafuta jina, akaweka rula, akapiga mstari kwa kalamu nyekundu. Mstari ulinyooka vizuri sana.

"Bibi, wewe ni mtu mzima, huna haja ya kufundishwa. Kifafa kikishaonja moto hakitoki tena. Kumpa huyu dawa ni kuzitupa. Mlee tu, Mungu atakulipa."

Bi Mwanamkasi alijua. Nani asiyejua? Aliambiwa na bibi yake, ambaye naye aliambiwa na wake: mwenye kifafa akiungua, basi. Lakini kulisikia neno hilo kutoka kwa mtu aliyevaa gauni jeupe na saa kifuani ni jambo jingine. La bibi unaweza kulibishia. La serikali utalibishia wapi? Aliinamisha kichwa akasema ahsante, na jioni akarudi na kuku.

*

Uweso, kaka yake Bi Mwanamkasi na baba yake Zuwena, ndiye aliyeleta kikombe. Kikombe cha plastiki, cha njano, na sahani yake. Uweso alikuwa amepunguzwa kazi kwenye shamba la mkonge mwaka uliopita, yeye na wenzake, na siku hizi alitembeza mitumba barabarani, mashati kumi begani. Mama yake Zuwena alikwisha kwenda zake kuolewa Mombasa.

"Cha nani hiki?" aliuliza Bi Mwanamkasi.

"Cha Zuwena."

"Vikombe vya humu ndani vimetoboka?"

"Dada, usinitie maneno. Sasa imejulikana kuwa haponi. Mate yake yale..."

"Mate yake umeyala wewe mwenyewe, ulipokuwa ukimmalizia muhogo aliouuma akauacha."

"Ulikuwa wakati ule!" Uweso alipandisha sauti, kisha akaishusha, maana nyumba za udongo hazina siri. "Mimi nauza nguo, dada. Nguo mtu anaivaa mwilini. Wakisikia nakula sinia moja na mwenye kifafa kisichopona, nani atapokea shati mkononi mwangu?"

Bi Mwanamkasi alikuwa na jibu, na kwa kawaida jibu lake huwa tayari kabla swali halijaisha. Siku hiyo alilimeza. Alijua mwenyewe kwamba usiku uliopita alikiosha chombo cha Zuwena mara mbili. Basi tangu siku hiyo watu wawili wakala kwenye sinia, na wa tatu akala kwenye sahani yake ya njano kizingitini, akiwapa mgongo ili asiwaone wakimtazama.

Haikuchukua wiki mbili, fedheha ikavuka mlango. Bi Mwanamkasi alikuwa mpishi wa shughuli. Kwa miaka ishirini hapakuwa na harusi wala hitima kijijini ambayo pilau yake haikupita mikononi mwake. Bi Khairiya alipomwoza mwanawe, alituma salamu: "Mwambieni shoga yangu safari hii aje kama mgeni. Akae mkekani apumzike, jikoni asisumbuke." Akaenda. Akakaa mkekani. Pilau ikaletwa, mchele umevunjika na harufu ya moshi juu yake, na kila mtu akaisifu huku akimkwepa macho. Alikula tonge tatu, akatoa hongera, akarudi nyumbani na hasira ambayo hakuwa bado na mtu wa kumtupia.

Zuwena naye alikuwa anaanguka mara tatu kwa wiki, kisha mara tatu kwa asubuhi moja. Kila mara shangazi yake alimbana mabega na kumtia mpini wa mwiko katikati ya meno, kama alivyofundishwa na wakubwa. Jino la mbele likavunjika.

"Shangazi," Zuwena alimwambia siku moja akiwa amelala, kinywa kimevimba. "Kama hakiponi, ile miezi minane kilikuwa wapi?"

"Ulikuwa hujaungua, mwanangu."

"Nimeungua mkono. Kifafa kiko mkononi?"

"Lala."

"Mimi nauliza tu."

Bi Mwanamkasi alitoka nje akajifanya anatafuta kuni.

*

Ukiona mpishi anauza sufuria lake, ujue mambo yamefika pabaya. Bi Mwanamkasi alilitwika lile kubwa, la kilo ishirini za mchele, akafuatana na Zuwena amsaidie kulitua, mpaka kwa Massoud. Massoud alikuwa Mpemba aliyehamia Maramba, fundi wa kuziba masufuria, na kila mwanzo wa mwezi aliteremka pwani na mvukuto wake wa kupulizia makaa akaketi kando ya barabara.

"Silizibi," Bi Mwanamkasi alisema. "Naliuza."

"Chombo kizima hichi? Wauza una nini, mama?"

Kabla hajajibiwa, Zuwena alitoa ule mlio wa kifafa, akaanguka chali hatua mbili kutoka kwenye makaa ya fundi. Watu waliokuwa wakisubiri vyombo vyao walirudi nyuma wote kwa pamoja, mmoja amejiziba mdomo na upande wa kanga. Massoud aliyasukuma makaa mbali kwa koleo lake, akavua koti, akalikunja, akalitia chini ya kichwa cha binti. Bi Mwanamkasi alikuwa amekwisha chomoa kiunoni mwiko aliozoea kutembea nao.

"Toa mti huo! Wataka kummaliza meno?"

"Atajiuma ulimi!"

"Ulimi hupona, mama. Jino lishaota mara mbili, la tatu halioti. Na mabega muachie. Mtu hashindani nacho, hukingoja kipite."

Wakangoja. Mwili ulipolegea, Massoud alimgeuza binti ubavuni, mate yakatoka yenyewe, naye akayapangusa kwa kiganja chake mbele ya kadamnasi, halafu akajifutia surualini.

"Huogopi?" Bi Mwanamkasi aliuliza.

"Nikiogope kitu changu?" Massoud alifungua vifungo vya shati. Kutoka shingoni hadi chini ya bega ngozi yake ilikuwa imekunjamana na kung'aa, kovu la moto la zamani. "Niliungua mwaka wa vita vya Amini. Nilianguka kwenye chungu cha kupikia chumvi. Wakasema ndo basi. Miaka ikapita, mie nikaenda hospitali ya mjini, nikapewa vidonge. Mwaka wa saba huu sijaanguka."

"Uliungua, halafu ukapona?"

"Sijapona, nameza. Kumeza na kupona mbali mbali. Lakini waniona nakaa na moto kutwa, nao haunipati."

"Nesi alituambia akiungua haifai tena kumpa."

Massoud aliacha kufunga vifungo. "Nesi?" alisema. "Mganga wa kupiga bao nitamuelewa. Nesi?"

Bi Mwanamkasi hakuliuza sufuria. Alimwinua binti, akamshika kiuno, wakarudi nyumbani polepole, na njiani kote alikuwa anahesabu. Si fedha. Alikuwa anahesabu siku tangu mstari ule mwekundu: siku themanini na tisa, na katika kila moja Zuwena angeweza kuwa amemeza kidonge.

*

Wagonjwa wa kifafa siku yao ilikuwa Alhamisi, na benchi lao liliwekwa nje, upande wa choo, kwa sababu wagonjwa wengine walilalamika. Mwaka ule wananchi walikuwa wameanza kuchangia matibabu, na aliyechangia aliona ana haki ya kuchagua wa kukaa naye. Bi Mwanamkasi alimkalisha Zuwena benchini, kati ya watu kumi hivi, na Massoud akasimama nyuma yao. Yeye mwenyewe hakuketi. Alikwenda mpaka kwenye meza ya Praxeda pale barazani.

"Sista, huyu mtu aliungua. Mtazame shingo. Anameza, na haanguki."

Praxeda alimtazama Massoud, akatazama meza. "Mwenye zamu yake nani?"

"Zamu ni yangu. Nimekuuliza."

"Hujauliza kitu, bibi, umenipigia kelele."

"Basi nauliza. Akiungua haponi, ni kweli au si kweli?"

Nesi Praxeda hakuwa mtu mwovu. Afadhali angekuwa, tungejua pa kumtemea mate. Mshahara ulikuwa haujafika miezi miwili, na kwenye baraza ile alipima uzito wa watoto, alizalisha, alichoma sindano na kupokea matusi, yote kwa mikono yake miwili. Alisimama, na sauti yake ikatoka ya juu kuliko alivyokusudia.

"Mnataka nifanyeje? Nina majina kumi na tano hapa, na vidonge vya watu kumi na wawili! Nikimwambia mtu dawa haitoshi, ananitukania mama yangu, anasema nimeiuza. Nikimwambia mgonjwa wako keshaungua, anainama, anashukuru, anaondoka!"

Benchini watu waligeuza shingo kumtazama.

"Kwa hiyo ulijua si kweli," Bi Mwanamkasi alisema.

"Chuoni hatukufundishwa hivyo."

"Sikuulizi chuo. Wewe ulijua?"

"Nilijua, bibi."

"Nilikuletea kuku."

Praxeda alifumba macho. Kisha, kama mtu aliyechoka kubeba mzigo peke yake, alilisukuma daftari mezani na kalamu nyekundu juu yake. "Haya. Namrudisha Zuwena. Nimtoe nani? Wale pale. Unajua kusoma. Chagua."

Bi Mwanamkasi alijua kusoma. Alisomea kisomo cha watu wazima, akapata cheti. Alichukua kalamu. Jina la kwanza lilikuwa Yasini, mtoto wa miaka saba, naye alikuwa pale benchini mapajani kwa mama yake, ananyonya ncha ya kanga. La pili mzee asiye na mtu. Macho yake yalishuka polepole jina kwa jina, na tusimpake mafuta: kwa muda kidogo alikuwa anatafuta wa kumfuta. Mama yake Yasini aliona. Alimvuta mtoto kifuani.

Hapo ndipo Bi Mwanamkasi alipoitupa kalamu, ikavunjika sakafuni. "Mtanifanya na mimi niwe kama ninyi!" alisema. "Nani huagiza dawa hizi?"

"Mimi." Manase, mganga wa kituo ambaye watu walimwita daktari, alikuwa ametokea mlangoni kwa ajili ya makelele. Kijana nadhifu, mwandiko wake mzuri. "Shikamoo, bibi. Kuna nini?"

"Marahaba. Unaagiza vipi?"

"Kila miezi mitatu najaza fomu ya wilayani. Naandika idadi ya wagonjwa."

"Idadi unaitoa wapi?"

"Daftarini."

"Waliopigwa mistari unawahesabu?"

Manase alishangaa. "Aliyefutwa nitamhesabu vipi, bibi? Hayo si yatakuwa maandishi ya uongo?"

Mzee Idarusi alikuwa amesimama na beseni la maji ya vidonda. Alilitua chini. Alikuwa ametumikia kituo hicho tangu kilipojengwa na hakuna aliyewahi kumuuliza kitu.

"Walikuwa thelathini na nne," alisema. "Zikaletwa pungufu kidogo. Sista akafuta wanne. Daktari akaomba za thelathini. Zikaletwa pungufu kidogo. Sista akafuta sita. Daktari akaomba za ishirini na nne." Aliwatazama wote wawili. "Mimi nilidhani mnaambiana. Mchana mnakula ugali meza moja."

Mmoja alikuwa anafuta ili dawa zitoshe, mwenzake anahesabu waliobaki ili asiseme uongo, na kila walipotenda haki yao hiyo, kopo lilizidi kuwa dogo. Manase alilivuta daftari, akaanza kugeuza kurasa kwa haraka, kisha polepole. Praxeda alikuwa ameshika kingo za meza.

"Wasome," Bi Mwanamkasi alisema. "Wasome hao wekundu. Kwa sauti."

Manase hakuweza. Akasoma mzee Idarusi, akieleza mwenyewe habari za kila mmoja, maana aliwajua wote. Salme wa Kwa Mchonga, kwao wamemfungia uani. Abass, haijulikani alipo. Amour mvuvi wa pweza, alianguka maji yakiwa yamekupwa, akazama kwenye maji ya magotini. Tuhfa, yuko, anaanguka. Alisoma kumi na tisa. Alipofika kwa Zuwena, Zuwena mwenyewe aliinuka benchini.

"Nipo," alisema.

*

Barua ya kuomba dawa za wagonjwa wote walio hai iliandikwa palepale, na Bi Mwanamkasi alikataa katakata isitiwe kwenye posta. Aliikamata yeye. Akamkamata na Manase pia, kwa maneno, wakapanda lori la chumvi mpaka wilayani, daktari nadhifu amekaa juu ya magunia na suruali yake yenye mkunjo wa pasi.

Mtunza stoo aliitwa Laurenti, mtu mnene mwenye funguo nyingi. Aliisoma barua, akainua nyusi.

"Thelathini na tatu? Mlikuwa mkiomba kumi na tano."

"Tulikosea," Manase alisema.

"Na mimi kila nikiombwa hukata kidogo. Si unajua, kila kituo huzidisha. Mwenye watu ishirini huandika arobaini. Sasa nisipokata itakuwaje?" Alicheka. "Kumbe ninyi hamzidishi?"

"Hatuzidishi."

"Ajabu." Laurenti alifungua stoo. Kwenye rafu ya chini makopo ya vidonge vya kifafa yalikuwa yamejipanga, yana vumbi. "Haya yalibaki baada ya mgao. Muda wake unakwisha mwezi wa kumi na mbili, nilikuwa nafikiria kuyateketeza. Mbona hamkusema?"

Bi Mwanamkasi aliketi chini kwenye saruji. Hakulia. Alishika kopo moja akalitikisa karibu na sikio, akasikia vidonge vimejaa mle ndani. Kisha akaanza kuwalaani: yule aliyefuta, yule aliyehesabu, yule aliyekata, na mwisho kabisa, kwa sauti ileile, akamlaani mwanamke mmoja mpishi aliyesema ahsante. Laurenti alimnong'oneza Manase kama bibi huyu ana matatizo ya akili.

"Hana," Manase alisema. "Tia sahihi, mzee."

*

Asubuhi yake Praxeda aliyaandika majina upya, kwa wino wa bluu, kwenye ukurasa safi. Yaliandikwa thelathini na matatu. La Amour halikuandikwa. Alimpa Zuwena vidonge vya mwezi mzima, akaeleza kwa utaratibu: kimoja kila siku, asiache hata akijiona mzima, asikate nusu bila kuambiwa, akianguka mgeuzeni ubavu, msimtie kitu kinywani. Alieleza vizuri. Kumbe alikuwa anajua kueleza.

"Nisamehe, bibi," alisema mwishowe.

Bi Mwanamkasi alivifunga vidonge kwenye pindo la kanga, hakumjibu. Akazunguka nyuma ya kituo. Mtetea wa madoadoa alikuwepo, amenona, anaparua chini ya mpapai, na vifaranga wake watano walikwisha kuwa wakubwa wa kujitafutia. Akamkamata bawa. Kuku akapiga kelele mpaka wagonjwa wakachungulia.

"Bibi," Praxeda alisema dirishani, "huyo si ulinipa?"

"Nilikupa shukrani. Nimekuja kuichukua. Watoto wake nakuachia, hao umewalea."

Nyumbani alimpa Uweso kisu. Uweso alichinja bila kuuliza, lakini chakula kilipotengwa hakuweza kujizuia.

"Kuku wa nini leo, dada? Kuna mgeni?"

"Yupo."

Sinia lilikuwa moja. Kikombe cha njano kilikuwa uani, kuku wengine wananywea maji. Zuwena alikuja na sahani yake kwa mazoea, shangazi yake akampokonya, akamkalisha katikati yao. Uweso aliutazama mlango.

"Nenda," Bi Mwanamkasi alimwambia. "Mashati yako yako nje. Lakini ukiinuka kwenye sinia hili leo, kesho usirudi."

Uweso alinawa. Akakaa na mkono wake uliolowa juu ya goti, hauendi mbele wala haurudi nyuma. Zuwena alimsubiri baba yake aanze, kama adabu inavyotaka. Alipoona haanzi, alinyoosha mkono wa kulia, ule wenye kovu, akanyofoa paja, akalisukuma upande wake.

"Karibu, baba."

Uweso alilitazama lile paja. Kisha akalichukua, akala, na alipokuwa anakula machozi yalimtiririka mpaka kidevuni. Dada yake aliyaona. Hakumwonea huruma hata kidogo. Alimwongezea mchuzi.